Ua Usiopukutika

Kuti kavu kuanguka si ajabu.
Ajabu iko huku juu, Eifel, mpakani na Ubelgiji,
ambako ua wa miti huipita nyumba kimo
na majani yake hufa Oktoba
yasiende popote.

Yanakauka yalipo, rangi ya chai iliyosahauliwa kikombeni.
Upepo wa magharibi unayapekua usiku kucha
kama karani anayetafuta jina asilolipata,
chakarachakara, chakarachakara,
na ndani, mezani, mshumaa hautikisiki.

Ua huu hauna ua la kusifiwa.
Kazi yake ni kuzuia baridi inayoua.

Severin alizikwa Novemba, mvua ikiwa nusu theluji.
Walburga hakulia.
Alihesabu viti, akamlipa mpiga kinanda,
akawakatia wageni keki ya plamu,
hata Irmgard wa duka la mikate akanong'ona:
Yule kifuani ana jiwe.

Desemba. Januari.
Kila asubuhi alitoka na buti za marehemu,
soksi mbilimbili ili zimkae,
akaupigapiga ua kwa mpini wa ufagio
theluji ishuke, matawi yasivunjike.
Theluji ilishuka. Majani yalibaki.
"Ninyi nanyi," aliyaambia,
akarudi ndani kuchochea jiko.

Kisha Mei. Vijana wamesimamisha mti wenye riboni uwanjani,
bia inamwagika, kuna tarumbeta,
na miti mingine yote ilishaanua matanga zamani.
Hapo ndipo machipukizi, membamba kama kucha za paka,
yaliposukuma kutoka ndani,
na jani la mwaka jana likaachia.
Moja.
Halafu kumi, halafu hesabu ikapotea.

Walburga alifagia toroli la kwanza, la pili.
La tatu halikufika kwenye mboji.
Alikaa ukingoni mwake, ufagio magotini,
akalia kwa sauti, mdomo wazi,
kama mtoto aliyenyang'anywa kitu,
huku tarumbeta zikipiga polka.

Irmgard alikuwa anapita na trei ya mikate ya sherehe.
Akasimama. Ulimi ulitaka kuuliza:
Leo? Na jua lote hili?
Begani mwa Walburga palikuwa na jani moja.
Hakulipangusa.
Aliweka trei chini, kwenye nyasi,
akauchukua ufagio taratibu kutoka magotini
na kuanza pale mwenzake alipoachia.