Kazi Yangu Inaishia Gotini

Mnaniuliza mimi kwa kuwa mikono yangu inamjua
kabla ya macho yenu. Miaka ishirini na sita
nafunga vifundo vya miguu katika ukumbi huu wa Čačak,
ukumbi unaovuja pale juu ya benchi la wageni
(hatujaziba, wala hatuna haraka ya kuziba).

Kipaji? Hilo si swali.
Vukan akishika mpira, mpira hutulia
kama mtoto aliyetambua sauti.
Hupenya kati ya wanaume wawili walio kama makabati,
macho yanakwenda kushoto, pasi inakwenda kulia,
na Nemanja wetu, yule mrefu asiye na habari,
anajikuta na mpira mikononi, kikapu usoni,
hana la kufanya ila kufunga.
Gazeti limemwita Vukan mchawi.
Mimi namwita kifundo cha kushoto,
kilichovunjika akiwa na miaka kumi na minne
kwenye saruji nyuma ya kiwanda cha karatasi,
kikaunga vibaya, na hadi leo hunong'ona kabla ya mvua.

Lakini kushinda.
Kushinda kuna mlango wake wenyewe,
na si kila mwenye nyumba ana ufunguo.

Machi iliyopita, dhidi ya watu wa Kragujevac:
sekunde tisa, tuko nyuma kwa pointi moja.
Njia ilikuwa nyeupe mbele yake.
Hata mimi ningepita, na goti langu hili.
Akatoa pasi.
Pasi nzuri, nisikilizeni, pasi ya kufundishia watoto.
Nemanja akakosa.
Mji mzima ukamlaani Nemanja,
Vukan akamkumbatia mbele ya watu elfu tatu,
na watu wakasema, tazameni moyo ule.
Kwa mwoga huenda kicheko, walisema wa kale;
usiku ule kwake yalikwenda makofi.

Mimi nilikuwa chumba cha nyuma, nakata bendeji kwa mkasi,
na mguu ulitetemeka mkononi mwangu.
Si mtetemo wa uchovu, huo naujua.
Ulikuwa wa mtu aliyeponea chupuchupu.

Ukarimu na woga
huvaa kiatu cha namba moja.

Sikumwambia. Kazi yangu inaishia gotini.

Septemba nikampita uani kwao, moshi umejaa mtaa,
anamsaidia mama yake kuchoma pilipili hoho za kuweka akiba.
Nikasema tu: ile ya Kragujevac, uliiona njia?
Akageuza pilipili. Akageuza nyingine ambayo haijaiva.
"Niliiona," akasema.
Mama yake akaingia ndani kufuata chumvi.
"Na nikajiona nikikosa."

Ndiyo hiyo, basi.
Jicho linaloona pasi kabla haijazaliwa
huona na kosa likiwa bado tumboni.
Tulilipigia makofi jicho hilo miaka mitatu
bila kuuliza usiku linaangalia nini.

Leo ni mchezo wa mwisho. Mnataka jibu, mna pesa zenu mezani.
Haya, nitawapa nilichonacho.

Saa moja iliyopita alikaa juu ya meza yangu, akanyoosha mguu.
Siku zote husema kaza. Kaza, mama, kaza tena,
hadi vidole vinakuwa vyeupe.
Leo amesema: "Legeza kidogo.
Nataka niusikie."

Nikalegeza. Nikamwuliza, na ukiuma?
"Uume," akasema, akavuta soksi.

Hilo si kombe. Najua.
Anaweza kupiga, mpira ukazunguka ukingoni ukatoka,
na kesho mkamla nyama kwenye mikahawa yenu yote.
Lakini akikosa, akose yeye.
Nemanja amekosa kwa niaba yake vya kutosha.

Filimbi hiyo. Nipisheni.
Mkasi nimeutia mfukoni.
Nyinyi tazameni ubao;
mimi nitatazama mguu.