Bahari ya Chungu

Ijumaa, saa kumi na moja, mgonjwa wa mwisho akishatoka
na shavu lake zito la ganzi,
nafunga mlango wa kliniki, nakunja mikono ya sweta,
nazima mtungi.

Sijawahi kuiona bahari.
Nilizaliwa Njoro, nikasomea Molo, nikaajiriwa hapa Section 58
kuandika majina na kupokea simu.
Lakini chumvi yake naijua kwa namba:
thelathini na tano katika kila elfu.
Ikipungua, matumbawe hunywea
kama mwenye deni aliyesikia hodi.

Aliyetuuzia tangi alisema,
"Mtungi huu ukishafungwa, usahauni miezi sita."
Tukausahau.
Ulikaa kabatini chini, mweusi, mtulivu,
ukinyonya maji kwa bomba moja, ukiyarudisha kwa jingine,
na maji yakang'aa kama glasi ya arusi.
Watoto walibandika pua kiooni
wakaacha kuisikia mashine inayolia chumba cha pili.

Kisha mwani ukaota. Unywele mmoja mmoja,
halafu ndevu.
Tumbawe la zambarau, lililokuwa likifunguka kila asubuhi kama kiganja,
likabaki ngumi.

Jumanne moja stima ikapotea tangu adhuhuri.
Iliporudi nilikuwa nimeshavaa koti.
Mtungi ukakohoa,
na chumba kizima kikanuka yai viza.
Niling'oa plagi, lakini kamba wetu mdogo,
yule wa mstari mwekundu mgongoni,
alikuwa tayari chali juu ya mchanga,
miguu yake ikiendelea kuhesabu kitu.

Nikaufungua.
Sponji zilikuwa tope.
Chakula cha miezi mitano, mavi ya samaki, majani yaliyooza,
vyote humo, gizani, vikijipikia sumu.
Haukuwa umeondoa kitu, mtungi ule.
Ulificha tu, ukaficha vizuri.

Daktari Nyanchoka akasema tuutupe.
Nikamwambia, niachie.
Nilitoa sponji zote, nikabakiza mfuko wa kaboni;
kazi nyingine waifanye mawe,
yale mawe yenye vitundu na vijidudu visivyolala.
Na kila Ijumaa nauosha,
kwa maji ya tangi lenyewe, ndani ya ndoo ya bluu.
Si ya bomba.

Maji yetu ya ardhini yana jambo lake.
Ndiyo yaliyonipaka meno haya hudhurungi
tangu nikiwa darasa la pili,
yakanifundisha kucheka na kiganja mdomoni.
Bahari hainywi maji hayo.
Bahari inachujiwa yake mara nne, tone kwa tone,
halafu nakoroga chumvi kwa mwiko wa ugali
niliouleta kutoka nyumbani.

Maji ya kifuu, walisema, ni bahari ya chungu.
Basi chungu ni mimi,
nipandaye ngazi na ndoo ya lita ishirini
kwenda kujaza Bahari ya Hindi
iliyopungua vidole viwili.

Wiki ya saba tumbawe lilifunguka.
Si lote. Kuna upande umebaki mweupe kama chaki,
na sijui kama utarudi.

Jana mama mmoja alichelewa kumfuata mtoto wake.
Nyakio, miaka sita, jino la mbele limeng'olewa,
pamba mdomoni.
Akaja kuchuchumaa kando ya ndoo
nilipokuwa nikisugua ndani ya mtungi kwa mswaki wa zamani.
Akanusa. Akakunja uso.
Akatoa pamba ili aseme sawasawa:
"Kumbe bahari inanuka kama sisi!"

Nilicheka kabla sijajizuia,
na mikono yangu yote miwili
ilikuwa ndani ya ndoo.