Mgongo kwa Mgongo

Chamchela za Januari tunazijua sisi wa Kiamunyi:
hunyanyua vumbi, majani makavu, kofia ya mlinzi,
zikacheza kidogo barabarani, zikachoka.
Hii ya jana haikuchoka.
Ilishuka kutoka upande wa Menengai saa kumi kasorobo,
nyeusi, ikizunguka kama pia,
ikapita nyumba hadi nyumba
kama mtu anayetafuta anayemdai.

Asubuhi natembea, nyundo kiunoni,
bila kuitwa na mtu.
Upande huu wa barabara, nguo zimeanikwa kwenye nyaya za stima:
sketi ya shule, shuka, soksi moja ya kijani.
Upande wa pili, hata kigae hakikusogea.
Bi Nyakerario amekaa sebuleni kwake,
ananimiminia chai iliyolala kwenye chupa.
"Karibu ndani," anasema,
na sote wawili tunatazama juu,
mawinguni.

Tangi la lita elfu tano limelala katika mahindi ya Tuwei.
Tuwei analizunguka, analigonga kwa ngumi,
anauliza ni la nani.
Kimya.
Anayekiri tangi atakiri na ukuta lililouangusha.

Mimi natafuta mabati.
Bati nalijua kwa alama zake.
Hili lililojikunja kwenye mkaratusi ni la Gathuita;
nililikata mwenyewe, kona hii hapa,
siku mkasi uliponiteleza ukaniachia kovu hili.
Nalivuta. Nalilaza chini. Nalinyoosha kwa goti.
Tundu.
Mgongo mmoja, wa pili, wa tatu bila kitu.
Tundu.

Alisimama chini ya ngazi, risiti mkononi:
"Fundi, kilo nne za misumari zatosha.
Hapa si pwani."
Nami nilikuwa na karo ya muhula wa pili,
na nyumba nyingine ikinisubiri Ngata,
nikajibu, sawa mkubwa, zitatosha,
nikaanza kuruka migongo mitatu mitatu
kama mtoto anayeruka madimbwi.

Nikaenda kwa marehemu Andalo.
Huyo ndiye aliyenifunza kushika nyundo.
Ukiruka mgongo mmoja, alikurudisha juu na jua lake.
Nilitaka kuliona paa lake limesimama.
Nilitaka, niseme kweli, linihukumu.

Halikusimama.
Halikuachia msumari hata mmoja,
likaondoka na mbao, na mkanda wa zege, na safu mbili za mawe,
likatua zima kwenye nyasi za ng'ombe, hatua arobaini,
kama nyumba iliyozama ardhini hadi shingoni.
Mjane wake anachungulia chini ya ukingo,
anamwita paka.
Nilipiga magoti nami nikaita,
nisijue jina la paka.

Sasa nisome nini hapo?
Nilipoiba, paa liliruka.
Alipokuwa mwaminifu, liliruka na kuta.
Nimekaa juu ya jiwe na swali hilo
mpaka chai ya Nyakerario ikaanza kunisokota tumbo.

Gathuita amenikuta pale penye bati.
Ana mkono kwenye kitambaa, kitambaa kina damu kidogo.
Hakusema neno.
Aliinama, akaweka kidole kwenye tundu,
akakitembeza: mmoja, wa pili, wa tatu.
Kidole kikasimama.
Alijua kama ninavyojua
nani alisema nne, nani alisema sawa.

Nyuma yetu mtoto wa Tuwei ananyoosha misumari juu ya tofali,
kok, kok, kok,
anaiuza kumi kwa shilingi tano.
Gathuita alitoa noti ya mia,
akanunua yote, na iliyopinda,
akanimwagia kiganjani.
Bado ilikuwa na joto la nyundo.