Mlango wa Kijani, Katuba

Karatasi alinipa muuguzi wa zamu ya asubuhi,
mwandiko wa mbio, kama anayeandikia mtu dawa ya kikohozi:
Katuba, avenyu ya pili baada ya duka la mbao,
mlango wa kijani, siku ya nne, saa kumi na moja.
Hakuandika ni mlango wa nini.
Nilimshukuru kwa hilo kuliko kwa sindano.

Nikavaa kitenge cha misa.
Mwadi akauliza: mama, kuna kilio wapi?
Nikamjibu: karibu.

Avenyu ya pili ina milango ya kijani mitano.
Wa kwanza, kinyozi.
Wa pili, mbwa.
Kwenye wa tatu kijana alikuwa anajaza baiskeli upepo:
«Uko natafuta nani, mama?»
Na mimi, niliyeuza lutuku miaka kumi na miwili,
niliyetaja bei kwa sauti ya kupasua bati,
nikakosa jina la ninachotafuta.
Nikasema: wanaposhona.
Hapa hakuna wanaposhona.
Nikasema: basi, wanaposali.
Akacheka. «Hapa? Kila nyumba.»

Lutuku usinifundishe.
Najua pipa linavyokohoa kabla ya tone la kwanza,
najua mrija wa shaba, maji ya kupoza,
mahindi yaliyochacha yanavyolala kwenye nywele
hata uoshe kwa sabuni mara mbili.
Unawasha kiberiti: mwali ukiwa wa buluu, uza.
Shule ya Mwadi ilitoka humo, daftari kwa daftari.
Nami nikaonja, kama mpishi anavyoonja chumvi,
nikaonja tena,
tena,
mpaka chungu kikawa changu
na wateja wakawa kisingizio.

Juu ya mapaa ulionekana ule mlima mweusi,
makapi ya shaba yote iliyoyeyushwa na kupelekwa kwa wengine.
Niliutazama kama mtu anayeonyeshwa picha yake.

Nikageuka kurudi. Nisidanganye, niligeuka mara tatu.
Mara ya kwanza kwa ajili ya jua.
Mara ya pili mke wa mchungaji alikuwa anapita.
Mara ya tatu mikono ilianza kucheza ngoma yake isiyo na mpigaji;
nikaificha ndani ya kitenge,
karatasi ikaanguka.

Aliyeiokota ni Mukalay.

Mukalay wa reli, Mukalay wa glasi sita,
niliyemwandika kwa makaa ukutani kwangu,
na alipotoweka nikasema: amekufa na pesa yangu.
Shati limepigwa pasi. Meno mawili hayapo,
lakini weupe wa macho umerudi.
Akasoma. Hakusema pole, hakusema karibu.
«Ni huu wa nne. Tuliweka kibao,
tukaona watu hawaingii penye kibao.»
Kisha akatoa noti, zimekunjwa ndogo kama barua ya shuleni:
«Za glasi zako. Natembea nazo tangu mvua zilizopita.
Kwako siwezi kufika, mama. Ile harufu inanijua kwa jina.»

Ndani, benchi mbili, viti vya plastiki,
chai ya tangawizi katika sufuria isiyo na mkono.
Mwalimu wa hesabu. Dada mwenye mtoto mgongoni.
Mzee mmoja amesinzia, na hakuna anayemwamsha.
Dada akataja siku zake: kumi na tisa.
Hawakupiga makofi. Mtu alimsogezea sukari.

Ikafika kwangu.
Nilikuwa nimeandaa uongo mzuri, wenye mume ndani yake.
Chai ikanimwagikia vidoleni.
Nikasema: naitwa Ngalula.
Nyumbani kuna pipa. Nimeliacha na moto.

Kimya. Kijiko kiligonga kikombe, basi.
Mukalay akachukua kofia yake:
«Tumalize chai, twende watu wanne.
Mimi nitabaki barabarani.»

Njiani, nyuma yao, nilihesabu zile noti.
Zilitosha glasi tano.
Nikanyamaza.
Huenda amekosea yeye,
huenda mkono ulioandika ukutani
siku hiyo ulikuwa umelewa.