Njegere za Alhamisi

Mkufunzi alishuka basi la asubuhi kutoka Oulu,
Tuulikki, mdogo kuliko mwanangu wa mwisho,
sanduku lake likiburuta mkia wa theluji ukumbini.
Nikasema moyoni: huyu atanifundisha nini,
mimi niliyeosha migongo ya wazee wa Kemijärvi
miaka ishirini na miwili,
ninayejua kwa harufu nani ameamka?

Hakufungua kitabu. Alituomba viatu.
Akamimina ndani njegere kavu, zile zile
zinazochemshwa jikoni kwetu kila Alhamisi,
akasema vaeni.
Kisha miwani iliyopakwa mafuta ya mgando,
glavu mbili mbili kila mkono,
na masikioni redio isiyoshika stesheni,
inakoroma, inanong'ona, inaita jina la mtu.

"Irmeli, vaa sweta. Funga vifungo.
Haraka, kahawa inapoa."

Nilijua sweta ni nini. Hilo nalijua.
Lakini mkono ulioingia ulitokea shingoni,
na vifungo viliteleza kama dagaa,
na sakafu ilinichoma,
na kivuli, upande wa kushoto,
kikanishika bega bila kunena,
au kilinena, redio ikakimeza.
Nikakisukuma. Kwa nguvu, kwa kiwiko.
Alikuwa Raili, ninayepokezana naye zamu.
Akaangukia kiti.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Siku ile usufi ulilowa maji.

Jumatatu nilikuwa nimeandika kwenye daftari:
*Taisto, chumba cha tisa. Mkali. Anapiga. Amekataa kuoga.*
Hati yangu nzuri, inayoinama kidogo kulia.
Nilimjia kwa nyuma, taulo ni baridi,
nikimwambia haraka.
Hilo sikuliandika.

Njegere zikarudi mkebeni zikilia kama mvua ya mawe.
Tuulikki akauliza lisilokuwamo katika ratiba:
"Na ninyi, nani huwauliza mmelalaje?"
Friji likanguruma.
Raili akacheka, akakifuta kicheko kwa kiganja,
akasema tangu Veikko afe chumba cha nne
bado anabisha mlango ule kabla ya kupita.
Kumbe sote tulikuwa tunabisha.
Kila mmoja usiku wake, akidhani ni wazimu wake.

Meneja akaitazama saa,
kisha akaivua, akaitia mfukoni.
Tulipewa saa moja kila Alhamisi ya pili,
mlango umefungwa, simu ziko nje.
Si nyingi. Mshahara ni ule ule,
na usiku bado tuko wawili kwa wazee kumi na tisa.

Jioni nilimwendea Taisto kwa mbele,
nikapiga magoti pale macho yake yanapofika,
taulo nimelipasha juu ya bomba la joto.
Nikangoja. Kungoja nako ni kazi,
ingawa daftari halina safu yake.
Taisto aliyeongoza magogo mtoni ujana wake wote
alilitazama bafu, akatikisa kichwa:
barafu bado nene, mto haujafunguka,
hakuna mtu wa kushuka leo.
Nilikuwa na jibu. Nililimeza.
Nikasema, basi tungoje.

Hakuoga.
Nilimfuta mikono tu, kidole baada ya kidole,
naye akihesabu magogo: sita, saba,
akapotea kwenye nane, akaanza upya,
nami nikaanza upya pamoja naye.

*Taisto, chumba cha tisa. Anasema barafu bado.
Mikono imefutwa. Kesho ajiwe kwa mbele,
taulo lipashwe. Asiharakishwe.*

Nyumbani, nikivua soksi,
njegere moja ikadondoka kwenye vigae,
ikabingirika hadi mguu wa meza.
Nilisimama nikiitazama, koti bado mwilini.
Nikaikanyaga tena, kwa makusudi,
kabla sijaiokota.