Meza Iliyoinama

Meza hii ililetwa na lori la makaa,
imefungwa kamba juu ya mzigo kama ng'ombe mgonjwa,
malipo ya deni la kondoo sita
ambalo kaka yangu alikuwa ameshalisahau.
Nyumba haikuwa na mlango wa kuipitisha.
Tukaitua nje, kati ya duka la Puntsag na bweni la shule,
na nje ndipo ilipo mpaka leo,
miguu minne juu ya ardhi inayoganda na kuyeyuka,
ikizama kidogo kidogo upande wa kaskazini.

Mimi nilisoma upepo miaka thelathini na mmoja
katika kituo cha hali ya hewa, pale kilimani.
Niliandika kasi yake na uelekeo wake, usiku na mchana,
nikatuma tarakimu mjini kwa redio.
Hakuna aliyewahi kunijibu zaidi ya "tumepokea."
Basi watoto wa bweni walipokuja Jumapili ya kwanza,
mikono mifukoni, wazazi wao mbali na mifugo,
wakaniuliza, "Unajua biliadi?"
nikasema najua.
Nilikuwa sijawahi kushika fimbo.

Pima, halafu piga.
Ndilo somo zima. Yaliyobaki ni baridi.
Sodnom husimama juu ya kreti la soda.
Khulan, miaka tisa, huvua glavu moja tu,
ile ya mkono unaotengeneza daraja,
vidole vyekundu kama vimechovywa katika chai ya moto.
Zolboo hupiga kwa hasira, mpira ukaruka
mpaka chini ya pikipiki ya daktari wa mifugo;
mara mbili mbwa ameondoka na namba saba.
Chaki tunaiazima darasani.
Kitambaa nimekishona kwa uzi wa manyoya ya ngamia,
na kila mpira upitao juu ya mshono
husitasita, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Hayo yote waliyajua.
Walijua kwamba kutoka kona ya duka
unalenga ukingo, si tundu,
nao mteremko unamalizia.
Zolboo huapa kuwa upepo wa alasiri
huusukuma mpira mweupe nusu ya upana wa kucha,
nami niliyeupima sikatai.

Mwezi wa tano tukaenda makao makuu ya mkoa,
saa saba ndani ya gari la posta,
Zolboo akitapika ndani ya kofia yake.
Ukumbi ulikuwa na taa. Meza imetulia kama maziwa bakulini.
Khulan akalenga ukingo kwa ustadi wake wote
na mpira ukaenda kwenye ukingo.
Ukabaki hapo.
Akautazama. Kisha akanitazama mimi.
Tulishindwa michezo kumi na mmoja kati ya kumi na miwili,
na katika ule mmoja mpinzani alikuwa na homa.
Wakati wa kurudi hakuna aliyefungua kinywa
mpaka mtoni, Sodnom aliposema,
"Meza yao imekufa."

Usiku ule nilitoka na tochi
na pimamaji ya fundi wa shule.
Nikalala kifudifudi kwenye matope,
nikapigilia kibao chini ya mguu wa kaskazini
mpaka kiputo kikatulia katikati.
Kiputo kidogo kile kilinisuta:
miaka minne nimewafundisha uwanja wangu
nikauita mchezo.

Asubuhi Khulan aliweka mpira, akauachia.
Haukwenda popote.
Akauinamia, shavu juu ya kitambaa,
kama anayesikiliza iwapo unapumua.
Kisha kengele ya shule ikalia, akakimbia.

Siku hizi kibao hupotea.
Hupotea zaidi Jumamosi,
na Jumatatu nakikuta kimerudi mahali pake,
kimepigiliwa vizuri kuliko nilivyokipigilia mimi.
Sijauliza.
Nafika mapema, kabla yao,
naweka namba saba katikati, yenye alama za meno,
naondoa mkono,
nangoja kuona leo tuko wapi.