Vibao vya Shaame

Mwaka wa sitini na sita Shaame Asaa alikwenda Chekoslovakia
kusomea mitambo ya makonyo.
Akarudi na koti la sufu, nondo wakalimaliza sandukuni,
na picha moja ya mji mdogo, umepanda kilima kama mbuzi.

"Mji wenyewe," akisema, "hauzidi Mtambile.
Viazi. Baridi. Kijito kisichojaza mtungi.
Lakini kila nyumba ina kibao ukutani:
hapa kazaliwa mtunga muziki,
hapa kazaliwa aliyehesabu nyota.
Nikauliza, na huyu je?
Wakanambia, huyu aliponya miti ya matufaha."

Basi akapasua mbao za mfenesi,
akaomba rangi iliyobaki skuli.

Cha kwanza akakigongomea kwa Bi Mwache:
HAPA KAZALIWA MWACHE BINTI HAMAD.
HAJAPUNJA PISHI YA KARAFUU.
Bi Mwache alicheka mpaka mtandio ukamwanguka,
kisha akakaa barazani siku tatu,
apite mtu asome.

Cha pili, cha marehemu Ngwali:
ALICHIMBA KISIMA. MAJI YALITOKA SIKU YA HITIMA YAKE.

Cha tatu:
MKUBWA FAKI. ALITENGENEZA REDIO ZA MTAA MZIMA,
YAKE HAIJASEMA.

Hapo ndipo watu walipoanza kununa.
"Na mwanangu, hakimu wa Maskati?"
"Huyo," Shaame akajibu, "kibao chake kiko Maskati."
Akaja sheha: kibali kiko wapi?
Kesho yake, juu ya mlango wa sheha:
HAPA KAZALIWA ALIYEULIZA KIBALI.

Masika mangapi yamepita.
Cha Ngwali kimeliwa na mchwa.
Cha Bi Mwache wajukuu wamekifanya mlango wa banda la kuku,
juu chini, lakini PISHI inasomeka
ukiinamisha shingo.

Juzi tumemzika Shaame.
Watoto wake wameniita mimi, eti nina mwandiko,
wakanipa ubao, wakanipa brashi.
Nikauliza kwa mazoea tu: alizaliwa chumba kipi?
Wakatazamana.
Dada yake mkubwa, macho yake hayaoni tena, akasema:
"Huyu si wa hapa. Huyu mama kamleta mgongoni kutoka Kojani,
hata meno hana."

Nimeandika HAPA.
Jua limefika kwenye magoti yangu.
Rangi inakauka kwenye brashi,
na kuku wa Bi Mwache wanaingia
na kutoka.